Sauti Zilizochukuliwa Msibani

Bwana Tindwa, Wakili Mkuu wa Serikali, ana tabia moja inayonikera tangu tukiwa chuoni: akishika karata nzuri, hukohoa kwanza. Asubuhi ile alikohoa mara tatu.

“Waheshimiwa Majaji,” alisema, “upande wa waleta maombi umetusumbua wiki mbili kwa swali moja. Wanataka kujua vivuli vya wakazi wa Itumbika vilipatikana wapi. Tulisita kujibu kwa kuheshimu faragha za watu. Lakini msomi mwenzangu ameng'ang'ania, na Mahakama imeamuru. Tunawasilisha kielelezo namba kumi na nne.”

Nilitabasamu. Nakiri nilitabasamu, tena kwa mbwembwe, nikageuka kidogo ili watu wangu walioketi nyuma waone. Waleta maombi walikuwa mia tatu na kumi na wawili kwenye makaratasi, na arobaini na kitu ndani ya ukumbi, wamevaa nguo zao za kanisani. Wengi wao walinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Mama Hezeroni, aliyekaa mbele kabisa, alinikonyeza.

Serikali ya Jamhuri ya Uwanda ilikuwa imeamua kujenga minara ya kuvuna unyevu, ile inayonyonya maji kutoka hewani, na mahali ilipopaona panafaa ni mtaani kwetu Itumbika. Sasa Ibara ya 19 ya Katiba inasema mtu hataondolewa kwenye makazi yake bila kusikilizwa. Basi wakasikilizwa! Baraza la Ardhi lilikaa alasiri moja, likawasha mashine, likaviuliza vivuli vya wakazi wote, na ndani ya sekunde kumi na moja vivuli mia tatu na tisa vikajibu kwamba viko tayari kuhama. Wenye vivuli walikuwa makwao wanaanika mtama. Wao habari waliipata kwa barua.

Kivuli ni nakala ya namna mtu anavyoamua mambo yake. Wakala wa Vivuli huchukua alama ya kiganja chako na maneno yako ya dakika tatu au nne, huyachanganya na kumbukumbu zako za hospitali, shule na sokoni, na kinachotoka hujibu kama wewe, kwa sauti yako, hata na ile pumzi unayoivuta kabla ya kukataa jambo. Kwa mambo madogo ni msaada mkubwa. Changu kilikuwa kikinipangia foleni kwa daktari. Sheria inataka kitu kimoja tu, kwamba uwe umekubali mwenyewe kutengenezewa. Na wateja wangu waliniapia, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawajawahi kukanyaga ofisi za Wakala. Kesi yangu yote niliijenga hapo.

Kilichonishinda kuelewa ni majibu yenyewe. Kivuli cha Mama Hezeroni, kilipoulizwa kama kiko tayari kuiacha nyumba, kilijibu: “Nyumba ni nini, wanangu? Duniani tunapita tu.” Huyu Mama Hezeroni ninayemjua mimi aliwahi kuwakimbiza wapima ardhi kwa mchi hadi wakaacha kamba zao.

Karani aliniletea kielelezo. Tindwa hakukisoma kwa sauti, na hilo lilipaswa kunishtua. Ilikuwa karatasi moja.

*Tarehe ya uchukuaji: tisa hadi kumi na moja Machi. Mahali: nyumba ya marehemu Foibe Chilewa, Itumbika. Tukio: maombolezo. Chombo: meza ya kumbukizi. Kwa mwaliko wa: Lameki Chilewa, mwenye msiba.*

Foibe Chilewa ni mama yangu. Lameki ni kaka yangu, tumbo moja.

Niliisoma mara mbili, kisha nikaisoma mara ya tatu kama mtu asiyejua kusoma. Jaji Nakijwa Msangi, aliyekaa katikati ya wenzake wawili, si mtu wa maneno mengi. Aliningoja.

“Wakili Keziya Chilewa, una la kusema?”

“Naomba ahirisho hadi kesho, Mheshimiwa.”

“Kesho saa tatu. Tusipotezeane muda.”

Tindwa alipokuwa akikusanya mafaili yake aliinama karibu na sikio langu. “Pole, Keziya,” alisema, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kwa moyo.

Nje kwenye varanda Mama Hezeroni alinishika mkono. “Mwanangu, wamesema nini mle? Yule bwana anaongelea kooni, sikumsikia.”

“Kesho, mama. Kesho tutajua.”

Nilikuwa nimekwisha kujua. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, au ndivyo nilivyodhani.

*

Lameki anafanya kazi Wakala wa Vivuli, fundi wa mashine za sauti, na anaishi nyumba za watumishi nyuma ya ofisi. Nilimkuta uani ameinamia chujio la maji. Aliponiona na joho langu mkononi, alijifuta mikono kwenye suruali, akasimama.

“Karibu, mdogo wangu. Mbona mchana huu?”

“Ile meza, kaka.”

Hakuniuliza meza gani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akashika kichwa.

Meza yenyewe ilikuwa ya kioo cheusi, imewekwa pale ambapo misiba yote ya Itumbika huweka kitabu cha maombolezo, kwenye mlango wa turubai. Kwetu hakuna apitaye mlango wa msiba bila kutia jina lake. Asiyetia husemwa mwaka mzima kwamba alifurahia kifo. Lameki alisema kitabu kimepitwa na wakati. Hapa mtu ataweka kiganja juu ya kioo, atamsemea marehemu neno la mwisho, na familia itabaki na sauti za watu badala ya mwandiko. Nililipenda wazo hilo. Kwa siku tatu nilisimama mezani pale, macho yamevimba, nikawapokea watu: “Weka mkono, shangazi. Muage mama kwa maneno yako.” Wengine waliuliza mashine ni ya nini. Mimi ndiye niliyewajibu.

“Uliniambia ni ya familia,” nilisema.

“Ni ya familia.”

“Lameki!”

“Nisikilize kwanza.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mama alirekodiwa dakika mbili tu pale hospitali. Hazitoshi. Mkuu wangu wa kitengo akaniambia, lete sauti za watu waliomjua, wanapomzungumza, nasi tutaziba mapengo. Hao wengine, alisema ni majaribio tu, yatafutwa. Mimi nilitaka mama, Kezi. Hicho tu.”

“Ukajua lini kwamba hayakufutwa?”

Aliokota kifuniko cha chujio, akakigeuza mkononi.

“Ukajua lini, kaka?”

“Barua za kuhama zilipotoka.”

Miezi minne. Kwa miezi minne alikuja kwangu kila Jumapili baada ya ibada, akala wali wangu, akaniuliza kesi inaendeleaje, nami nikamweleza kila kitu, hata mahali nilipokwama. Mara mbili aliniambia nisikate tamaa. Nilitaka kumpiga. Sijampiga kaka yangu tangu nina miaka saba, na pale uani mkono wangu uliinuka wenyewe nikaushusha.

“Njoo,” alisema. “Njoo usikie kabla hujanihukumu.”

Chumbani kwake, kwenye kabati la vyombo, palikuwa na kisanduku kisichozidi ukubwa wa redio ya jikoni. Alikigusa.

“Keziya?” Ilikuwa sauti ya mama. “Mwanangu, umekuja juani hivi, umekula lakini?”

Nilikaa kitandani. Iliniuliza habari za mguu wangu uliovunjika mwaka jana, nikajibu. Iliniuliza kama bado nakohoa asubuhi, nikajibu tena. Naona aibu kuandika haya, lakini nilikaa pale muda mrefu, na machozi yalinitoka, na kwa kitambo kizima sikuwakumbuka watu mia tatu na kumi na wawili.

Halafu nikaiambia, “Mama, Lameki amenidanganya.”

“Msameheni mtu, wanangu,” ilisema. “Duniani tunapita tu.”

Nikainua kichwa. Mama yangu, Mungu amlaze pema, hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Mama yangu angeuliza amedanganya nini, angemwita Lameki, na angemtoa jasho mpaka aseme. Alikuwa mkali, mbishi, na mtaa mzima ulimwogopa. Huyu aliyekuwa kabatini alikuwa mpole na msamehevu, vile vile alivyosifiwa na watu siku tatu mfululizo. Nani husema ukali wa maiti msibani?

Hapo ndipo kile kilichonishinda wiki mbili kiliponifungukia chote. Itumbika nzima ilikuwa imechukuliwa sauti ikiwa imekaa matanga. Na kwetu mtu akikaa matanga husema nini? Husema yote ni mapenzi ya Mungu. Husema tangulia, nasi tu nyuma yako, mali tunaziacha, hakuna aliyekuja na nyumba. Ni adabu ya msiba. Mtu huisema akilia, kisha huenda kwake kugombania mpaka wa shamba. Wakala walichukua adabu hiyo wakaigeuza kuwa watu, na Baraza la Ardhi likawauliza watu hao kama wako tayari kuhama. Wangekataaje?

“Zima,” nilimwambia Lameki.

“Kezi, ukienda kulisema hili mahakamani watavizima vyote. Vyote vimefungwa kwenye mtambo mmoja. Na mama atazimwa.”

“Zima, nimesema.”

“Na mimi nitafungwa. Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Sheria unaijua, tafuta njia nyingine.”

Njia nyingine niliitafuta, sitadanganya. Ningeweza kubishana kwamba mwenye msiba hana mamlaka ya kukubali kwa niaba ya wageni wake. Lakini Tindwa angejibu kwamba kila mtu aliweka kiganja chake mwenyewe, kwa hiari, mchana kweupe. Swali lingebaki moja: waliambiwa meza ni ya nini? Na aliyewaambia nilikuwa mimi. Wakili hawezi kuwa shahidi katika kesi anayoiendesha. Nikinyamaza, Itumbika inavunjwa. Nikisema, namwacha kila niliyemtetea bila wakili, nampeleka kaka yangu jela, na namzika mama mara ya pili. Zaidi ya hayo, ningelazimika kuwaambia majirani ni nani aliyewashika mkono akaupeleka kwenye kioo.

Nilipofika getini Lameki aliniita kwa jina la utotoni. Sikugeuka.

*

Saa tatu kamili niliingia ukumbini nimelivaa joho. Nilikuwa nimepanga kuwaambia watu wangu nje, kabla. Nilipowaona wamesimama varandani wakinitazama kwa matumaini, niliwasalimu tu nikapita. Huo ndio woga wangu, na sina wa kumsingizia.

“Mheshimiwa Jaji,” nilisema, “naomba kujitoa katika uwakili wa shauri hili, ili nitoe ushahidi kama shahidi wa waleta maombi.”

Manung'uniko yalizagaa nyuma yangu. Nilivua joho, nikalikunja, nikaliweka mezani.

Tindwa alikuwa amekwisha simama. “Pingamizi. Shahidi huyu naye aliweka kiganja kwenye meza ile ile, tarehe tisa Machi. Kivuli chake kipo, kimesajiliwa, na amekuwa akikitumia mwenyewe kupata huduma kwa miezi kadhaa. Kwa mujibu wa Sheria ya Uwakilishi, kukisikiliza kivuli chake ni kumsikiliza yeye. Naomba kiitwe.”

Nilimtazama. Sikuwahi kujiuliza kivuli changu kilitoka wapi; mwezi Aprili Lameki aliniletea kwenye simu kama zawadi, nami nikashukuru bila kuuliza. Wakili mzima!

Majaji waliinamiana. “Kiitwe,” alisema Jaji Msangi. “Kisha tutaona.”

Sauti yangu ilitoka kwenye kuta za ukumbi. Ilikuwa imekauka kwa kilio.

“Kivuli cha Keziya Chilewa,” aliuliza Tindwa, “je, kaka yako Lameki aliwahi kukuficha jambo kuhusu meza ya kumbukizi?”

“Lameki?” Ilivuta pumzi, vile ninavyovuta mimi. “Lameki ndiye mkono wangu wa kulia. Mama ameondoka, lakini ameniachia kaka. Akiniambia jambo ni jema, kwangu limekwisha. Hawezi kunidanganya.”

Watu wengine ukumbini walitikisa vichwa kwa huruma. Walikumbuka, walikuwepo nilipoyasema. Lameki alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ameshika uso.

“Hayo ni maneno yako?” Jaji aliniuliza.

“Ni yangu, Mheshimiwa. Niliyasema nikimlilia mama yangu, na siku ile yalikuwa kweli. Leo siwezi kuyasema. Na hicho hakitaweza kuacha kuyasema, hata mkikiuliza miaka mia, kwa sababu yaliyonipata jana hayajakipata.”

“Yapi?”

“Niapisheni kwanza.”

Jaji aliwatazama wenzake, kisha akamtazama Tindwa, aliyekuwa tayari ameanza kukohoa. “Kaa chini, Wakili Mkuu. Katiba ilipoandika neno kusikiliza, haikuandika kukisia. Shahidi apande kizimbani.”

Niliapa, nikasema yote. Nilieleza meza iliwekwa wapi na kwa nini hakuna mtu wa Itumbika ambaye angeipita. Nilieleza maneno ya msibani na namna yalivyogeuzwa kuwa kibali cha kuhama, na nikaiomba Mahakama isikilize rekodi kumi zozote itakazozichagua yenyewe. Walizisikiliza. Tisa kati ya kumi zilisema duniani tunapita. Jaji aliye kushoto alivua miwani, akaacha kuandika.

“Nani aliwaambia wananchi hawa matumizi ya meza?” aliuliza Jaji Msangi.

“Mimi.”

“Uliwaambia nini?”

“Kwamba sauti zao zitabaki kwetu, ndani ya familia.”

“Nani alikuambia hivyo?”

Nilijua kwamba nikifungua kinywa sitakuwa na kaka tena, na nilimchukia kwa kunifikisha pale, na bado nilitamani mtu aniulize swali jingine. Hakuna aliyeuliza.

“Kaka yangu, Lameki Chilewa,” nilisema. “Yule pale, kwenye mlango.”

Hakukimbia. Askari wawili walipomsogelea aliinuka mwenyewe, akanyoosha mikono. Aliponipita alisema kitu kimoja tu, kwa upole: “Angalau ungemuaga mama.”

Majaji walitoka, wakarudi baada ya nusu saa. Amri ya muda ilisomwa kwa ufupi. Vivuli vyote vilivyochukuliwa Itumbika vizimwe leo hii, pamoja na chochote kilichojengwa kwa sauti hizo. Uamuzi wa Baraza la Ardhi usitishwe. Waleta maombi wasikilizwe na Mahakama yenyewe, mmoja mmoja, kwa vinywa vyao, hata kama itachukua mwaka. Wakishindwa kupata wakili, wasimame wenyewe.

Nilikuwa nimeshinda. Miaka ishirini ya uwakili sijapata kushinda namna ile. Niligeuka kuwatazama majirani zangu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama.

“Aanze wa kwanza kwenye orodha,” alisema Jaji.

Wa kwanza alikuwa Mama Hezeroni. Alipanda kizimbani polepole, akakataa kiti, akaapa, akajifunga kanga upya kiunoni.

“Mama, sema unachotaka Mahakama isikie.”

“Nyumba yangu sihami,” alisema. “Nimeijenga na marehemu mume wangu kwa matofali tuliyofyatua wenyewe. Anayeitaka aje nipo. Hilo limekwisha, andika.”

Karani aliandika.

“Kuna lingine?”

“Lipo.” Alinigeukia. Sauti yake haikupanda. “Mimi ndiye niliyemwosha mama yako, Keziya. Nilitoka kumwosha, mikono haijakauka, nikafika pale mlangoni nikakuuliza, hiki kitu ni cha nini? Ukasema, weka tu mama, ni yetu sisi kwa sisi. Nikaweka. Sikuweka kwa sababu ya kaka yako. Huyo simjui tangu alipohama. Niliweka kwa sababu yako.”

“Mama, sikujua,” nilisema.

“Shahidi hajaulizwa,” alisema Jaji Msangi.

“Hakujua, nimesikia,” Mama Hezeroni aliendelea. “Jana hapo nje nilimuuliza, akawa anajua. Akaniambia kesho.” Alimgeukia karani. “Sasa andika na hili. Siku yake ikifika, yeye Keziya binti Foibe, mimi kwenye msiba wake sitakwenda. Sitamwosha, sitakaa matanga, sitatia jina.”

Mtu mmoja nyuma alishusha pumzi kwa sauti. Kwetu maneno hayo hayasemwi, hata kwa adui. Karani aliinua kalamu, akanitazama mimi, kisha akamtazama Jaji.

“Mheshimiwa, na hilo liingie kwenye kumbukumbu?”

Jaji Msangi aliweka kalamu yake chini.

“Tumesema watasikilizwa,” alisema. “Liandike kama alivyolisema.”